Lori linatetemeka nyuma: pima kwanza, spea baadaye

Swali ni lile lile, awe anauliza dereva wa trela anayesubiri kuvuka Malaba, mwenye tipa la mchanga wa Lwera, au kijana aliyekabidhiwa basi la Gulu juzijuzi: "Gari likifika sitini linaanza kutetemeka nyuma. Nimebadilisha matairi, bado. Nimebadilisha krosi, bado. Sasa ninunue nini?" (Krosi ni kiungo cha msalaba kwenye propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu, yaani gia za ekseli ya nyuma.)

Kwa sasa usinunue kitu. Mtetemo una tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayosema umetoka wapi. Kuna mtetemo unaofuata mwendo wa gari, kuna unaofuata mzunguko wa injini, kuna unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, na kuna unaosubiri breki. Ukijua wako unafuata nini, umeshaondoa nusu ya vipuri kwenye orodha ya washukiwa bila kufungua nati hata moja. Usipojua, utazunguka kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka na Ndeeba, Kampala, na pesa za tajiri (mwenye gari) mpaka ziishe, na gari litaendelea kutetemeka.

Mwongozo huu ni wa magari makubwa ya injini mbele na springi za majani nyuma: Isuzu, Fuso, Hino, matipa, malori ya mizigo, Coaster pia. Mabasi ya injini nyuma nimeyawekea maneno machache kwenye hatua ya 3.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi, na usianze kabla havijakamilika:

- Geji ya upepo inayosoma mpaka psi 150. Kupiga tairi kwa nyundo na kusikiliza si kupima.
- Jeki inayoweza ekseli yako, na stendi mbili za chuma. Matofali, magogo na rimu kuukuu si stendi.
- Kabari za magurudumu, angalau nne.
- Wili spana, mtaimbo wa kama mita moja, na toki renchi (spana yenye kipimo cha mkazo) hata kama ni ya kuazima.
- Chaki, kopo dogo la rangi, na kipande cha waya mgumu.
- Futi ndefu ya kupimia.
- Bomba la kupigia grisi na grisi safi.
- Simu yenye programu ya kupima mwinamo. Nyingi ni za bure.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa pili: taniboi (msaidizi wa dereva), fundi mwenzako, yeyote anayesikia unapomwambia "simama".

Onyo moja linatangulia mengine yote. Malori mengi ya Kijapani ya ukubwa wa kati yana breki ya mkono kwenye propela shafti, ile dramu ndogo iliyo nyuma ya gia boksi, si kwenye magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo haishiki gari tena. Difu inaliruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja, na lililobaki chini lizunguke upande mwingine, na gari linaondoka likiwa juu ya jeki. Weka kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kabla ya jeki kugusa ekseli. Sehemu iwe tambarare na ngumu. Udongo wa pembeni mwa barabara baada ya mvua unameza jeki.

Nadharia kidogo, haitazidi hapa

Chukua lori lenye tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni kama mita 3.2. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 5 kila sekunde. Difu ikiwa na uwiano wa 5 kwa 1, propela shafti inazunguka kama mara 26 katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo kasoro ya gurudumu utaihisi kama mtikiso mzito wa polepole, karibu unaweza kuuhesabu: kiti kinapanda na kushuka, bodi inacheza. Kasoro ya shafti utaihisi kama mvumo wa haraka kwenye sakafu, vioo vinatetemeka mpaka lori la nyuma yako halionekani vizuri, miguu inawasha. Krosi iliyofungwa kwa pembe mbaya inatikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo mvumo wake ni wa haraka zaidi.

Hiyo inatosha.

Hatua ya 1: Uliza gari lilitengenezwa nini mara ya mwisho

Hatua hii mafundi wengi wanaiona ya kupoteza muda, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Mtetemo wa nyuma mara nyingi unazaliwa gereji. Andika kila kilichoguswa tangu gari lilipokuwa zima: tairi, klachi, gia boksi, springi, difu, sila (raba ya kuzuia mafuta kuvuja) ya pinioni, gia ndogo ya kuingilia difu, breki, hata chesi (fremu ya gari) iliyochomelewa au kurefushwa.

Klachi inapobadilishwa, propela shafti inateremshwa. Je, ilirudishwa kwenye alama zake? Springi zilipoongezwa majani ili gari libebe zaidi, ekseli ilikaa mwinamo ule ule? Tairi lilipotolewa kwa pancha usiku pale Lugazi, rimu ilifungwa na nani, na kwa mpangilio gani? Muulize dereva aliyetangulia na muulize taniboi. Taniboi anajua mambo ambayo tajiri hajaambiwa.

Hatua ya 2: Zunguka gari likiwa limesimama

Osha sehemu ya chini kwanza. Udongo mwekundu wa maramu ukiganda upande mmoja ndani ya rimu, au ukishika kwenye propela shafti, unatosha kuleta mtetemo peke yake. Kuna magari yanapona hapo hapo, kwa maji na brashi ya waya. Baada ya hapo kagua haya:

Upepo. Pima tairi zikiwa za baridi, asubuhi kabla ya safari, pamoja na zile za ndani za pacha (tairi mbili zilizofungwa pamoja) ambazo kila mtu anaziruka kwa sababu mdomo wake wa kujazia upepo haufikiki. Tofauti kati ya tairi mbili za pacha isizidi psi 5.

Mawe. Ingiza mkono au fimbo katikati ya tairi za pacha. Jiwe la ukubwa wa ngumi likikwama hapo linatikisa gari, na siku likichomoka linaweza kuua mtu wa pikipiki aliye nyuma yako.

Sura ya tairi. Pitisha kiganja kuzunguka tairi lote, juu na ubavuni. Unatafuta uvimbe, sehemu bapa iliyosuguliwa na breki iliyokamata, au ganda la ritredi (tairi lililovikwa meno mapya) lililoanza kuachia. Tairi lenye uvimbe halipimwi zaidi, linatolewa.

Nati. Angalia mistari ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati, na chuma kinachong'aa kuzunguka tundu la stadi (boliti ya gurudumu). Hiyo ni rimu inayocheza. Simamisha kazi hapo hapo, gari lisitoke mpaka rimu itolewe na stadi zikaguliwe. Stadi moja ikiwa imekatika, zile mbili za jirani yake zimebeba mzigo wake pia, zibadilishe zote tatu.

Hatua ya 3: Jaribio la gari likiwa limesimama

Washa injini, gia iwe fri (haijaingizwa), breki imefungwa. Panda polepole kutoka sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta) mpaka mzunguko ambao kwa kawaida unakuwa nao mtetemo unapotokea barabarani. Ukiupata ule ule ukiwa umesimama, tatizo si la nyuma. Ni raba za injini, ni silinda isiyochoma vizuri, au ni klachi. Hapo umeokoa siku nzima.

Kwa basi la injini nyuma jaribio hili ndilo la kwanza na la muhimu. Abiria wa siti ya mwisho anaposema "nyuma inatetemeka" amekalia injini yenyewe. Raba za injini zikichoka kwenye basi la aina hiyo, dalili zake hufanana kabisa na tairi bovu.

Hatua ya 4: Jaribio la barabarani

Tafuta barabara ndefu, iliyonyooka, yenye lami nzuri na magari machache. Ile ya kuelekea Gulu ukishapita Luwero ina vipande vizuri alfajiri. Usifanye jaribio hili ndani ya Mabira kwenye msongamano, wala kwenye mteremko wowote. Nitarudia: wala kwenye mteremko wowote. Sehemu ya jaribio inahitaji gia fri kwa sekunde chache, na lori lenye mzigo likiwekwa fri kwenye milima ya Kabale au miteremko ya Kapchorwa halirudi mikononi mwako. Injini isizimwe hata kidogo, kwa sababu upepo wa breki na nguvu ya usukani vinatoka kwake.

Weka chupa ya maji iliyojaa nusu sakafuni karibu na kiti, na ukiweza nyingine nyuma ya kabini. Mtu wa pili aangalie maji na aandike. Dereva aendeshe tu.

(a) Panda polepole mpaka mtetemo uanze. Andika mwendo unapoanza, unapokuwa mbaya zaidi, na unapopungua ukizidi kwenda mbele. Zingatia pia unahisiwa wapi: usukani ukicheza, anza kushuku mbele, kiti na sakafu vikicheza, ni nyuma.

(b) Kwa mwendo ule ule, shusha gia moja, mradi injini isipite mstari mwekundu. Mzunguko wa injini umebadilika, mwendo wa gari haujabadilika. Mtetemo ukibaki vile vile, injini na klachi zimetoka kwenye kesi.

(c) Kwa mwendo ule ule, bonyeza klachi, toa gia kwa sekunde tatu au nne, kisha rudisha. Mtetemo ukibaki bila kubadilika, shuku vitu vinavyozunguka bila usawa: tairi, rimu, dramu, au shafti isiyo na balansi. Ukipungua sana au ukipotea, shuku vitu vinavyokasirika vikibebeshwa nguvu: pembe za krosi, krosi yenyewe, beringi ya katikati inayoshikilia shafti ya vipande viwili, pinioni ya difu.

(d) Kanyaga mafuta kwa nguvu, kisha achia kabisa. Andika upande upi ni mbaya.

(e) Gusa breki polepole. Mtetemo unaozaliwa na breki ni wa dramu zilizopoteza mduara, na huna haja ya kuhangaika na shafti.

(f) Rudia gari likiwa tupu kama ulipima na mzigo, au kinyume chake. Jibu la jaribio hili utalihitaji sana kwenye hatua ya 7.

Kosa la kawaida hapa ni kupima kwa kumbukumbu. Ukirudi gereji bila maandishi, kila mtu atakumbuka mtetemo anaoutaka.

Hatua ya 5: Magurudumu

Nenda huku kama mtikiso ni mzito, wa polepole, na hauondoki ukiwa fri.

Inua upande mmoja, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta, kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue. Ukisikia mchezo (kulegea) wa wazi, beringi za habu, kitovu cha gurudumu, zinahitaji kufunguliwa. Zungusha kwa mkono usikilize: sauti ya mchanga ni beringi pia.

Sasa pima mduara. Simamisha waya mgumu kwenye kitu kizito kilicho sakafuni, ncha yake ikikaribia katikati ya tairi bila kugusa. Zungusha gurudumu polepole. Weka alama ya chaki pale pengo lilipo dogo kabisa na pale lilipo kubwa kabisa, upime tofauti. Ikizidi milimita 3, gurudumu hilo ni mshukiwa. Fanya hivyo hivyo ubavuni mwa tairi.

Usitupe tairi bado. Hamisha ncha ya waya kwenye ukingo wa rimu. Rimu ikizunguka sawa na tairi likiyumba, kosa ni la tairi, au halikukaa vizuri kwenye rimu: angalia ule mstari mwembamba wa ubavuni, umbali wake na ukingo wa rimu unapaswa kulingana kote. Rimu nayo ikiyumba, ama imepinda, ama imefungwa vibaya. Legeza, safisha kutu na rangi nene kwenye uso wa habu, funga upya, pima tena.

Kuhusu kufunga. Kuna mifumo miwili na watu wanaichanganya. Malori ya zamani ya Kijapani yanaweka rimu katikati kwa nati zenye uso wa mviringo, na kwenye pacha kuna nati ya ndani na ya nje. Upande wa kushoto nyuzi zake mara nyingi ni za kinyume. Ya kisasa yanaweka rimu katikati kwa habu yenyewe, na nati ni za uso bapa wenye washa yake. Rimu ya mfumo mmoja inaweza kuingia kwenye habu ya mfumo mwingine, na ukaikaza, na ikaonekana imekaa. Haijakaa. Itatetemeka, kisha itakata stadi.

Kaza kwa mpangilio wa kuvukana, si wa kuzunguka, kwa awamu mbili au tatu. Stadi za M22 za mfumo wa habu huhitaji takriban Nm 600 hadi 700, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kaza tena baada ya kilomita 80 hadi 150. Kijana kurukia bomba la wili spana si kipimo. Mmoja ana kilo hamsini, mwingine tisini.

Kwa pacha, zungushia futi kila tairi juu ya meno yake. Tofauti ya mzunguko ikizidi sentimita 2, hizo mbili hazipaswi kuishi pamoja. Kubwa inabeba mzigo wote, ndogo inaburuzwa.

Kama kila kitu kinaonekana sawa na bado unashuku gurudumu, lihamishe. Badilishana la mbele na la nyuma kama saizi na rimu zinaruhusu, urudi barabarani. Mtetemo ukihamia kwenye usukani, umemshika.

Hatua ya 6: Propela shafti

Nenda huku kama ni mvumo wa haraka. Kabari zote ziwekwe, injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni mwako. Usilale kamwe chini ya shafti inayozunguka ili "uone inavyoyumba". Nguo hushikwa kwanza, mwili unafuata.

Anza na rangi. Kabla ya kufungua boliti yoyote, piga mstari wa rangi kwenye kila flenji (sahani ya kuunganishia) na mwenzake, na kwenye sehemu ya kuteleza ya shafti na bomba lake. Dakika mbili hizi zinazuia nusu ya maswali ninayoulizwa.

Angalia vikombe vya krosi. Unga wa rangi ya kutu unaotoka kwenye sila ya kikombe unamaanisha sindano za ndani (beringi nyembamba) zimekauka na zinasagana. Kisha piga grisi: lazima itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, cha nne kimeziba, na hicho ndicho kitakachovunjika. Shika shafti, itikise juu na chini jirani na kila krosi. Mchezo wowote unaouona kwa macho ni mwingi. Usidanganywe na mchezo wa kuzunguka, ule wa kushoto na kulia. Mwingi unatoka kwenye difu na ni wa kawaida.

Beringi ya katikati: shika shafti karibu nayo uisukume. Raba ikiwa imechanika, shafti inashuka na pembe zote zinaharibika. Kaza boliti za kishikio chake kabla ya kulaumu beringi yenyewe.

Bomba la shafti: tafuta mbonyeo na alama ya mahali ambapo kipande cha balansi kilichomelewa kikatoka. Shafti iliyobonyezwa na jiwe haitengenezwi kwa nyundo.

Masikio. Hiki ndicho chanzo ninachokikuta zaidi baada ya kazi ya klachi. Kwenye shafti moja, masikio ya yoku (uma unaoshika krosi) ya mbele na ya nyuma yanapaswa kukaa kwenye mstari mmoja. Sehemu ya kuteleza ikichomolewa na kurudishwa jino moja au mawili pembeni, masikio yanapishana na gari linavuma kuanzia siku hiyo. Shafti nyingi zina mishale miwili ya kiwandani. Isugue kwa brashi ya waya mpaka ionekane, na uifanye itazamane.

Kwa balansi yenyewe, peleka shafti kwenye warsha yenye mashine, ikiwa nzima pamoja na krosi zake. Usichomelee kipande cha chuma kwa kukadiria. Na ukinunua shafti kuukuu Kisekka, nenda na futi na shafti yako ya zamani. "Inaingia" haitoshi: ikiwa fupi, sehemu ya kuteleza inashika meno machache tu na inacheza.

Hatua ya 7: Pembe na springi

Barabara zetu na mizigo yetu ndizo zinazofanya hatua hii kuwa ndefu kuliko inavyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Kila tipa linaongezwa majani ya springi. Nyuma inapanda, ekseli inageuka kidogo, pua ya difu inaangalia mahali pengine, na krosi zinafanya kazi kwa pembe ambazo kiwanda hakikuzipanga.

Egesha gari mahali tambarare, likiwa na mzigo wake wa kawaida, upepo sawa pande zote. Weka ubavu wa simu kwenye uso uliosafishwa wa gia boksi au flenji yake, kisha kwenye bomba la shafti, kisha kwenye difu. Andika nyuzi na uelekeo, inashuka au inapanda kwenda nyuma. Pembe ya kila krosi ni tofauti ya vitu viwili vinavyokutana hapo.

Mfano wa shafti ya kipande kimoja: gia boksi inashuka nyuzi 4, shafti inashuka 7, difu inashuka 4. Krosi ya mbele ina nyuzi 3, ya nyuma 3. Zinafutana, gari limetulia. Sasa fundi ameongeza majani, na difu inasoma 1. Krosi ya nyuma imekuwa na 6, ya mbele 3. Huo ndio mvumo wako, na hakuna krosi mpya itakayouondoa.

Tofauti kati ya krosi mbili zinazofutana isizidi nyuzi 1. Kila moja ikibaki chini ya 3 ni vizuri zaidi kwa gari la mwendo mrefu, lakini isiwe sifuri kabisa. Inahitaji angalau nusu ili sindano zizunguke. Kwa shafti ya vipande viwili, cha mbele kikae karibu kunyooka na gia boksi, na krosi mbili za kipande cha nyuma ndizo zilingane.

Kurekebisha ni kwa kabari za ekseli, zile za chuma zinazokaa kati ya springi na ekseli, kwa washa kwenye kishikio cha beringi ya katikati, au kwa kutoa majani yaliyozidi. Hili la mwisho tajiri hapendi kulisikia.

Ukiwa hapo chini, kagua boliti ya katikati ya springi na kaza yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Boliti ya katikati ikikatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja. Pima kwa futi kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti ikizidi sentimita 1, ekseli imehama. Kwenye ekseli pacha angalia pia bushi za toki rodi, vyuma vinavyoshikilia ekseli isigeuke. Ingiza mtaimbo, uone kama kichwa kinaogelea.

Hatua ya 8: Difu na dramu

Hapa unafika mwisho, si mwanzo. Toa shafti upande wa nyuma, shika flenji ya pinioni, isukume juu na chini na ndani na nje. Isisogee. Ikisogea na sila inavuja mafuta, nati ya pinioni imelegea au beringi zimekwisha. Usiikaze tu kwa nguvu na kuondoka: mkazo wa beringi hizo unapimwa, na ukizidisha unaziua. Mwaga mafuta ya difu uangalie sumaku ya kizibo. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida.

Dramu mpya zinaweza kuja bila balansi. Na ile dramu ndogo ya breki ya mkono iliyo nyuma ya gia boksi inazunguka kwa mwendo wa shafti, kwa hiyo kasoro yake inafanana na kasoro ya shafti. Wengi wanaisahau.

Hatua ya 9: Rudi barabara ile ile

Badilisha kitu kimoja, rudi kwenye barabara ile ile, mzigo ule ule, upepo ule ule. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mtetemo ukapona, hujui kilichoponya. Ukibaki, hujui kama umeongeza kingine.

Ikigoma

*Linatetemeka likiwa tupu, likibeba linatulia.* Springi zimezidi au kabari za ekseli si sahihi. Rudi hatua ya 7. Kinyume chake, linatetemeka na mzigo tu: springi zimechoka, au raba ya beringi ya katikati.

*Linatetemeka linapoondoka tu, kisha linatulia.* Pembe za krosi kwenye nguvu kubwa, beringi ya katikati, au klachi yenye mafuta. Ukiondoka taratibu kwa gia ya chini kabisa na ikapungua, anza na pembe.

*Asubuhi linatetemeka, baada ya kilomita chache linaacha.* Tairi zimepata ubapa kwa kulala na mzigo. Likiacha kabisa, endelea na safari yako. Lisipoacha, pima mduara.

*Nimebalansi tairi zote, bado.* Mashine ya balansi inapima uzito, haipimi sura. Tairi la yai linaweza kubalansiwa vizuri na bado likatikisa gari. Waya na chaki.

*Lilianza baada ya kubadilisha difu na nyingine ya kuukuu.* Soma uwiano wa difu mpya kwenye kibati chake. Ukikosa kibati: gurudumu moja chini, moja hewani, gia fri, breki ya mkono imeachiwa, kabari mbele. Zungusha lililo hewani mara 2 kamili na uhesabu mizunguko ya shafti. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Ukiwa mkubwa kuliko wa zamani, shafti sasa inazunguka kwa kasi zaidi kwa mwendo ule ule, na kasoro ndogo iliyokuwa imejificha imejitokeza.

*Kishindo kikubwa ukibadilisha gia, mvumo unaoongezeka ndani ya siku moja, au habu moja ya moto kuliko nyingine zote.* Usiendelee na safari. Egesha, weka alama za kutahadharisha barabarani, mwite fundi aje ulipo. Shafti ikikatika mbele huchimba lami na kuinua gari. Ikikatika nyuma hukata mabomba ya upepo wa breki.

Ukikwama na ukataka kumuuliza fundi kwa simu, mpe haya kwa mfululizo: aina ya gari, saizi ya tairi, mwendo mtetemo unapoanza na unapokuwa mbaya, unafanya nini ukiwa fri, unafanya nini ukishusha gia, tupu na mzigo, na kazi ya mwisho iliyofanywa. Ongeza picha ya shafti ikionyesha masikio ya mbele na ya nyuma.